Kibali cha Dada Zuhura

Kilakala, Jumanne

Leo nimemdanganya mama, na sijamwambia mtu.

Dada Zuhura yuko Ujerumani, anatafsiri nyaraka za kampuni ya Dar kwa barua pepe. Amemuuliza mama achukue kibali kipi cha kuishi huko: cha peke yake, kinachotoka upesi, au kinachomruhusu amchukue mama wakaishi wote. Mama hajui kusoma. Nilimsomea mimi, pale intaneti.

"Anasema anachukua cha peke yake, mama."

Ningemsomea kweli, mama angeondoka, mimi ningepelekwa Mgeta kwa mjomba, kupalilia kabichi zake.

"Kumbe Ulaya kunamtosha mwenyewe! Mwandikie achukue. Na asinitafute tena."

Niliandika yote, neno kwa neno, nikatuma.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali, mama asijue.