Usiwashe Gari Kabla ya Neno Langu

Murara, Goma
Tarehe 11 mwezi wa saba

Kwa leki yangu, mudogo wangu Abdoul,

Assalam aleikum, wewe na Rosette na huyo mutu mufupi mliyempa jina la papa. Ile homa ya meno imemwacha? Rosette ameanza kula vizuri? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama miguu inamvimba jioni, lakini ukimwambia aketi anakuuliza kama umeona amekuwa muzee. Uwanja wa ndege bado umefungwa, kwa hiyo barua hii anaibeba jirani yetu Sidonie, yule wa vitenge, anayepitia Kigali kwenda Brussels. Akifika ataitia posta.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Kwa simu utanikatiza. Tangu utoto wewe unamaliza maneno ya wengine, na haya nataka uyasome mpaka chini.

Ile njia uliyonitumia nimeitazama siku nne. Kutoka Lisbon mpaka Salamanca, halafu San Sebastián, mupaka wa Ufaransa, Bordeaux, na Toulouse kwa dada yake Rosette. Siku kumi na mbili kwenda na kurudi, na mutoto wa miezi tisa nyuma ya gari. Nilimwomba kijana wa duka la simu anikuzie ramani. Kati ya Lisbon na Salamanca kuna mahali nimepitisha kidole muda murefu bila kuona jina la kijiji hata kimoja. Nikamwuliza watu wanaishi wapi huko. Akacheka, akasema huko watu wanapita tu. Abdoul, sikulala vizuri.

Halafu ukaniandikia, na furaha tele, kwamba mupakani hakuna bariyeri, hakuna askari, hakuna wa kukuuliza karatasi, mutu anapita kama anavyotoka sebuleni kuingia jikoni. Ulidhani utanituliza. Ndugu yangu, umesahau ulipozaliwa? Huku kwetu shofere akikuta bariyeri haina mutu, anageuza gari papo hapo, maana waliokuwa pale wamekimbia kitu. Najua Ulaya si hivyo. Mama naye ameniambia si hivyo. Kichwa kinajua, lakini tumbo linakataa.

Kwa hiyo nimekufanyia mipango yangu, na ucheke ukitaka. Usiwe gari la kwanza asubuhi; acha wengine watangulie, uangalie kama kuna magari yanayotoka upande wa pili. Mafuta yasishuke chini ya nusu. Karatasi za mutoto ziwe mbili, moja kwako, moja kwa Rosette, musiziweke pamoja. Saa kumi na moja jioni uwe umeshafika unakolala. Na Rosette asilale njiani, awe macho mawili pamoja nawe.

Sasa nakuja kwenye ombi lako. Umesema wewe ni mutu muzima, una leseni ya kule, lakini tarehe tatu mwezi wa nane hutageuza ufunguo mpaka nikwambie ile “safi” niliyokuwa namwambia papa. Niliposoma hapo nilitabasamu. Nilikumbuka kaye yangu, lile daftari dogo la namba za simu, na mimi msichana wa miaka kumi na tisa nikijiona mukubwa. Kila asubuhi nilimpigia Kakule, anayeuza viazi barabarani Kibumba, njia ya Rutshuru, kisha mama wa chai wa Rumangabo. Wakisema magari yanashuka na yanapanda, nilimpigia papa pale parking nikamwambia barabara ni safi. Wakisema ni kimya, nilimwambia angoje. Na papa, muzee Yuma, pamoja na ukali wake wote, aliketi kando ya Fuso lake akanywa chai hata mpaka saa sita mchana, kwa neno la mutoto wa kike. Wenzake walimcheka. Hakujali.

Halafu nikasoma mustari wa chini yake. Umeandika kwamba siku ile, kama papa angengoja neno langu, angekuwa hai. Kwamba aliondoka bila kungoja kwa sababu wewe, uliyekuwa likizo kwa bibi Rutshuru, ulimpigia ukilia aje akuchukue haraka. Umesema kila ukishika usukani unaisikia sauti yako mwenyewe ikimharakisha. Miaka kumi na moja, Abdoul. Sikujua unaubeba muzigo huo mpaka leo. Hapana, ninadanganya tena. Nilijua.



Siku ile ilikuwa Jumamosi ya harusi ya rafiki yangu Masika. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda uani kwao, ninasukwa, nusu ya kichwa tayari, nusu bado, wasichana wote wanaimba na kuchekana. Kaye ilikuwa nyumbani. Papa akanipigia mwenyewe, maana nilikuwa nimechelewa. Akaniuliza barabara iko aje. Hakuwa na haraka, leki yangu. Aliniambia umempigia, unalia, na alicheka, akasema utangoja tu, hata akitoka saa nane utamwona. Sikia vizuri hapo: papa alisema utangoja.

Nami nilikuwa sijampigia mutu. Wala Kakule, wala mama wa Rumangabo. Jana yake jioni Kakule alikuwa amesema kuko sawa, na mimi niliona usiku mumoja hauwezi kubadilisha kitu, na msusi alikuwa ananivuta kichwa ananiambia nitulie. Nikamwambia safi. Nilisema, ni safi, papa, unaweza kwenda. Akanijibu asante mama, akaniambia nipendeze.

Hata saa moja haikupita, Kakule akanipigia mwenyewe, anapiga kelele kwamba huko mbele ya Kibumba risasi zinalia tangu alfajiri na hakuna gari linaloshuka. Nilimpigia papa mara tisa. Nilikimbia barabarani na kichwa nusu, bila viatu, kwenye mawe, mpaka parking. Wakaniambia ameshatoka, ametoka na furaha.

Kwenye mukeka wa matanga nilisikia watu wakisema muzee hakungoja habari, alikimbilia mutoto wake. Kakule alidhani nilimpigia papa nikamkosa, na sikumsahihisha. Wewe uliletwa siku ya tatu, ukaketi mulangoni, na mutu akalisema hilo mbele yako. Nilikuona ulivyoinamisha kichwa. Nilikuwa ninagawa kahawa. Nilipita mbele yako na sinia, nikaendelea. Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Kukwambia hilo ndicho kitu ninachokiogopa kuliko njia yote ya Salamanca. Mungu anajua, mara nyingi nilitamani upotee tu huko Ulaya na maisha yako mazuri, usiniulize kitu tena. Mama bado hajui. Wewe ndiwe wa kwanza.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Lakini siwezi kukupa ile “safi” kabla hujajua niliitoa vipi mara ya mwisho. Kwa hiyo hivi ndivyo nimefanya. Salamanca yuko Carlos, mutoto wa kaka yake msusi wetu, anaosha vyombo kwenye hoteli. Bordeaux yuko tantine Olive, aliyekuwa akiimba kwaya na Sidonie huyu wetu wa vitenge. Nimewapigia wote. Carlos alicheka sana, akaniuliza barabara ya lami ya njia nne ataitazamia nini. Nikamwambia atazame tu kama magari yanatoka upande wa Ureno, aniambie. Akasema yeye pia ni wa Goma, atatazama.

Tarehe tatu, tangu saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa macho na kaye magotini. Nitakuwa nimempigia Carlos saa ile ile, si jana yake. Mimi sitakupigia. Kama baada ya kusoma haya bado unataka neno langu, nipigie wewe, na nitakwambia nilichoambiwa. Kama sikuambiwa kitu, nitasema sijui, na utangoja hata mpaka saa sita mchana. Kama hutaki kuisikia sauti yangu, nitaelewa; basi mpigie Carlos mwenyewe, namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Ila usiwashe gari bila kumwuliza mutu.

Msalimie Rosette, mwambie chumvi na limau ni dawa ya kichefuchefu cha gari. Mubusu Yuma mudogo kwenye kisogo. Mama anawaombea kila sala, na anauliza kama huko Toulouse kuna muhogo.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa, niliyekuacha mulangoni,

Asumini binti Yuma