Vya Kulamba vya Sungusungu

Jumatatu, 2 Juni
Nimekamua. Nimefungulia ng'ombe. Nimefagia uwanja mpaka mlango wa zizi. Sungusungu, paka wetu, ameacha ugali wake tena, na dagaa wake juu. Amenusa, akageuka, akaenda kulala kwenye kile kiti chenye kitenge cha Gati.

Gati ni mke wangu. Ni wiki ya sita tangu tumzike. Jina la paka alilitoa yeye, kwa kuwa analinda ghala la mahindi kuliko walinzi wa kijiji. Watu wananiambia nilie, nitapata nafuu. Silii. Mwili mzima umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Paka ndiye anayeomboleza kwa niaba ya nyumba hii. Mbavu zake zinahesabika.

Jumatano, 4 Juni
Rhobi, binti yetu, kapiga simu kutoka Mwanza. Nimemweleza habari za paka. Za kwangu sikueleza. Kasema atatuma kitu.

Ijumaa, 6 Juni
Mzigo umekuja kwa basi hadi Tarime, bodaboda akauleta huku Gorong'a. Vifuko vyembamba, ndani rojo la samaki. Eti paka analamba. Nikionekana navyo watasema nimerukwa na akili.

Nimeminya kidogo kwenye kidole, ndivyo tunavyomfundisha ndama aliyefiwa na mama kunywa kwenye ndoo. Akanusa. Akalamba. Ulimi unakwaruza. Kamaliza kifuko chote.

Nikakaa pale na kidole kimelowa. Ilitakiwa nifurahi. Nilijua kwamba inatakiwa, basi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimehudumu kwenye josho la kuogeshea ng'ombe miaka ishirini na sita. Mambo ya kulamba nayajua. Ng'ombe unamwekea bonge la magadi, analamba anavyotaka, mwili wenyewe unajua kiasi. Maandishi ya kwenye kifuko ni madogo, tena ya Kiingereza. Sikuhangaika nayo. Nimefungua vitano, nikaviminya kwenye kifuniko cha sufuria, nikaweka karibu na kiti. Nikaongeza bakuli la maziwa.

Jumatatu, 9 Juni
Vitano vimekwisha. Nimefungua vingine vitano. Dagaa hataki hata kuwaangalia. Panya wanacheza ghalani mchana kweupe.

Jirani yangu, Mama Nyangi, alikuja kuazima jembe akaona kifuniko. "Mzee, kumbe paka wako ameolewa mjini!" Akacheka mpaka akashika mlango. Nami nikacheka, kwa mdomo tu.

Nimeshinda na chai.

Jumatano, 11 Juni
Anaharisha. Ametapika mara tatu, zote kwenye kitenge cha Gati. Nimekifua. Sikuwa na njia nyingine. Nilipokianua nilikinusa, nikakuta harufu ya sabuni tu.

Sungusungu amejikunja chini ya kitanda. Macho yamezama. Maji hagusi. Akifa huyu, nabaki na nani anayejua nyumba hii ilivyokuwa? Nimeogopa. Ni kitu cha kwanza kukisikia tangu mazishi, na sikukipenda.

Nimempigia mtaalamu wa mifugo wa kata. Anakuja kesho. Ng'ombe hawajapelekwa maji leo hadi saa kumi.

Alhamisi, 12 Juni
Mtaalamu amekuja na pikipiki. Ni msichana, ningeweza kumzaa, lakini kazi anaijua. Shikamoo, marahaba, moja kwa moja chini ya kitanda.

"Mzee, unampa vingapi kwa siku?"

Nikamwambia. Nikamweleza na habari ya magadi, nijitetee. Hakucheka, nashukuru.

"Hiki ni kionjo, mzee. Si chakula. Kimoja kwa siku kinamtosha, tena juu ya chakula chake. Na maziwa acha. Huyu ni mkubwa, yanamharisha."

Kisha akampanua mdomo, akaniita nione. Jino la nyuma limeoza. Fizi imevimba, ina usaha. Ndiyo maana alikuwa hatafuni. Rojo halikumdai meno.

Nikauliza kama si huzuni. Akaniangalia kidogo. "Huzuni labda nayo ipo. Lakini hili hapa ni jino, mzee."

Akamchoma sindano ya usingizi, akaling'oa. Nilimshika mimi. Mwepesi mno.

Wiki zote hizi nimekaa nikidhani tuko wawili. Mwenzangu alikuwa anaumwa jino. Namwangalia anakonda, na moyoni naona ananisaidia kazi ya kuomboleza. Nimemwonea aibu. Pia nimemkasirikia, jambo la kipuuzi kabisa. Kumbe msiba huu ni wangu peke yangu humu ndani.

Ijumaa, 13 Juni
Amelala. Amekunywa maji.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Nimechemsha dagaa bila chumvi wala kitunguu, nikatoa vichwa, nikawaponda kwa mwiko wakawa laini. Juu nusu kifuko. Nusu nyingine jioni, na kidonge alichoniachia mtaalamu kimefichwa ndani. Maji safi pembeni. Ndivyo alivyoagiza yule msichana na mimi nimefuata kama sheria ya josho, bila kuongeza changu.

Amekula kwanza rojo. Akasita. Akaendelea na dagaa mpaka sahani ikawa nyeupe. Mama Nyangi alipita akauliza kama yule bibi harusi wa mjini amepona. Nikamwambia amepona.

Sufuria niliyopikia paka ndiyo pekee iliyokwenda motoni leo.

Jumanne, 17 Juni
Nimekamua, nimefungulia. Sungusungu amekula asubuhi, kisha akatoka nje akakaa juani akajilamba miguu.

Rhobi kapiga simu. Akauliza kama paka anakula. Nikasema anakula, jino lilikuwa bovu, limetoka.

"Na wewe, Tata? Unakula?"

Siku zote nasema ndiyo. Leo nimesema hapana.

Nikasikia magari ya huko kwake. Akasema atakuja Ijumaa, akauliza alete vifuko vingine vya paka. Nikamwambia vipo bado, aje yeye tu.