Gauni la Kijani

Kwako mwanangu mtoro,

Mimi mzima, goti tu ndilo linaloninunia. Cherehani nayo inakohoa kuliko mwenyewe.

Dada yako bado ananitukana, kwa hiyo jua yupo. Ile saratani ya damu ilizikimbia dawa za kwanza, nywele zikaanza kuota, tukajiona washindi. Sasa imerudi. Daktari anasema dawa hazifui dafu tena, na akiongeza kali zaidi, zitakazomuua ni dawa zenyewe.

Kila alipokonda nilimpunguzia lile gauni lake la kijani, kitambaa cha ziada nikikikunja ndani ya mshono, ili akinenepa nifumue. Jana nililipunguza tena. Akapapasa mshono, akasema, "Baba, acha uchoyo. Hicho cha ndani kata, kinanikwaruza."

"Na ukinenepa je?"

"Utanishonea jipya, mzee bahili wewe!"

Tukacheka wote wawili. Kisha nikashika mkasi, nikakata. Vipande vimo mfukoni mwangu mpaka sasa, sijui nivitupe wapi.

Njoo, mwanangu. Usingoje barua nyingine.

Ni mimi baba yako, fundi nguo na kichwa kigumu.