Mweso Umerudi Darasani, Wafula

Ndugu yangu Wafula, komredi wa chaki na vumbi,

Nakuandikia wewe uliyelala, lakini nitaisoma barua hii mbele ya wanafunzi-walimu wenzetu wa chuo kikuu, ili nao wasikie. Makomredi, simameni! Mweso, lile bao letu la mashimo na kete, umerudi darasani.

Homa ilipokuondoa kule hospitali ya Mulago, hata matanga hayajaisha, mwalimu mkuu wa shule yetu ya mazoezi alizikusanya mbao zako za mweso na kuzifungia stoo. "Shule si kijiwe cha wazee," alisema. Nilimchukia, Wafula. Kisha akaniita faraghani akanena lililomkaa rohoni: "Mwanangu, watoto hawa wanashangilia kama wako uwanja wa mpira. Doria ya askari ikipita barabarani ikasikia umati, nitaeleza nini? Kwamba ni kemia?"

Tunaishi katika nchi ambamo kicheko cha vijana huhitaji kibali.

Lakini kidato cha nne wanaukabili mtihani, na maabara yetu ina chupa tupu na harufu ya zamani. Unakumbuka ulivyoniambia? "Shehena ya kemikali ikikwama bandarini, akili isikwame nayo." Ndipo ukauchukua mchezo ambao vijana wa hapa wameukuta uani kwa babu zao, kete zake nyingine ukazipaka chokaa. Nyeupe haidrojeni, nyeusi oksijeni, na kila anayekula kete za mwenzake aandike kwenye ubao wa darasa mlingano uliosawazika wa kete zilizo mchezoni. Wewe ndiwe uliyewaondolea vijana wale hofu ya somo. Ningekubalije hofu irudi?

Niliomba kipindi kimoja, mwalimu mkuu mwenyewe akiwapo. Akakubali kwa sharti: "Kwa kunong'ona. Nikisikia kelele, mbao hizo zitakuwa kuni za jikoni."

Laiti ungewaona! Umewahi kusikia watu wakitambiana kwa kunong'ona? "Leo utalamba vumbi, bwana mkubwa." "Cheza basi, mkono unatetemeka kama umeshika nyoka." Mwalimu mkuu alikaa nyuma, mikono kifuani, uso wa hakimu.

Zamu ikamfikia Akinyi, yule binti wa fundi wa reli kutoka Kisumu. Akala kete za mwenzake kwa ustadi, kisha, kama wachezavyo kwao, akazitia mfukoni. Akaenda kuandika mlingano wa maji kwa kete zilizobaki mchezoni. Ukagoma. Akafuta, akaandika tena. Ukagoma. Kipindi kilikuwa kinayoyoma na hukumu ilikuwa imeketi nyuma yetu.

Ghafla sauti ikapasua darasa: "Rudisha, nnyabo, binti wewe! Rudisha kete!"

Alikuwa mwalimu mkuu, Wafula! Amesimama, kidole hewani, kama mtazamaji yeyote wa mweso ambaye ulimi umemshinda. Darasa zima likaweka vidole midomoni. "Ssebo, bwana mwalimu, kelele," mmoja akanong'ona. "Doria!" Wakacheka huku wameziba vinywa kwa viganja, na yeye akacheka, nikayaona meno yake kwa mara ya kwanza.

"Hapa kwetu kete ikiliwa haiendi mfukoni," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Inapandwa upya upande wa aliyeishinda. Haitoki ubaoni kamwe."

"Kwetu mshindi huondoka nazo, mwalimu," Akinyi akajibu. Kisha akautazama mlingano wake. "Kumbe ndiyo maana maji yangu yamepungukiwa oksijeni! Nimeificha mwenyewe."

Ile kanuni niliyowakaririsha muhula mzima, kwamba maada haipotei bali hubadili mahali, binti yule aliitoa mfukoni mwake mbele ya macho yetu. Nilitamani ugeuke unikonyeze, kama ulivyozoea. Nilitamani sana, ndugu yangu.

Mwalimu mkuu alifungua stoo kwa mkono wake. Zaidi ya hayo, ametupa ukumbi wa chakula, tuwafundishe mchezo huu walimu wa shule za jirani, kutoka Ntinda hadi Kamwokya.

Basi lala, Wafula. Nakuahidi: maadamu nina sauti, hata ikiwa ya kunong'ona, hakuna kijana wangu atakayekariri jambo ambalo angeweza kulishika kwa vidole. Kwaheri, komredi.

Nanyi mliobaki, sikieni: Jumamosi hii, saa tisa alasiri, ukumbi wa chakula, nyuma ya jiko. Msije kwa kundi, doria isije ikauliza. Njooni wawili wawili, na ubao wa mweso kwapani.