Viti vya Sebuleni

Iringa, Novemba 1956

Kaka Halfani,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi na usingizi vinanisumbua nikisoma. Mwalimu wetu wa uuguzi alitufundisha kukariri kwa kuyapanga masomo, kichwani tu, ndani ya nyumba tunayoijua, nami nikachagua kwetu Mbeya. Mifupa ya mkono nimeiweka mlangoni, ya mguu kwenye viti vya sebuleni, moyo na mapafu kitandani kwa mama.

Sasa unaniandikia kwamba viti mmevitoa nje, wageni wanalala kwenye mikeka. Hukusema kuna nini, na safari hii hukuniletea salamu za mama.

Mtihani ni Jumatatu. Kila nikikariri, nikifika mlango wa chumba cha mama naogopa kuusukuma, narudi. Kaka, usinijibu kabla ya Jumatatu.

Mdogo wako,
Siwema