Pishi ya Bwanausi

Jumatatu, 1 Rajabu 1303

Mwezi umeandama, mchango umetoka. Pishi moja ya mtama. Nimeipeleka mwenyewe kwa Mzee Mwinyimvua, mtunza ghala wa shirika letu la wapagazi. Miaka kumi na moja Bwanausi wangu hajakosa hata mwezi mmoja. Akiwa bara, natoa mimi mkewe. Siku akizeeka, mabega yakikataa mzigo, shirika litamlisha. Akinitangulia, litanilisha mimi na mamake mwaka mzima. Mzee akanicheka — pishi yako, Adija, ina kichuguu! Ndiyo. Sitaki mtu aseme Bwanausi anapunja.

Alhamisi, 18 Rajabu

Mrisho karudi. Yule wa Mlingotini, aliyeondoka na Bwanausi. Peke yake! Nilipomwona anaingia uani taratibu, nikachungulia nyuma yake. Anasema Bwanausi alishikwa na homa Ugogo. Msafara haukungoja. Wakamwacha kibandani na kibuyu cha maji. Hakumwona akifa. Hakumwona akipona. Kaniletea mkanda wake. Nikamuuliza, mkanda wa mtu aliye hai umeuchukuliaje? Alilia, mtu mzima yule.

Mama mkwe, Bi Mwanajuma, kasikia yote toka chumbani. Kasema homa tu hiyo, mwanangu homa anazijua.

Jumatano, 1 Shaabani

Nimetoa! Sijui nini kilinipeleka. Miguu imezoea tu. Nimejaza pishi, nimekwenda, nimemwaga mbele ya watu. Mzee Mwinyimvua akanivuta kando. Kumbe wenzake wa shirika walishaikubali habari ya Mrisho, kwamba Bwanausi kafa. Ningekaa eda, leo ningebeba gunia la kwanza. Lakini mke mwenyewe akimtolea mumewe mchango, basi mke ashuhudia kwamba yu hai. Nani atambishia? Mjinga wewe, Adija! Nimejinyima kwa mkono wangu.

Na bado moyo ulifurahi. Wallahi ulifurahi, kulisikia lile "yu hai" kinywani mwa Mzee. Nimerudi nalo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 20 Shaabani

Kitako cha kapu la mtama kinaonekana. Tunakula mara moja, uji mwepesi. Nimemwambia mama pengine mwezi ujao nikae eda, tupate chakula. Lo! Kanirushia kata. Ati nikivaa nguo za eda, aliyemuua mwanawe ni mimi, si homa.

Nimelia jikoni. Hajui kwamba ule mkanda nalala nao? Nikikaa eda, naye yuko njiani anakokota mguu, nitamtazama kwa uso gani? Na nisipokaa eda, na mchango nisitoe, miezi mitatu tu jina lake linafutwa. Miaka kumi na moja bure. Ee Mola, mume wangu umemweka wapi?

Alhamisi, 1 Ramadhani

Saumu imeingia. Afadhali — leo njaa yetu ni ya watu wote.

Mzee Mwinyimvua kapita mwenyewe asubuhi. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Hakukaa. Anazunguka nyumba za jirani, akasema, baada ya alasiri atarudi. Nimpe pishi, au nimpe neno kwamba nakaa eda.

Nikapima. Imebaki pishi moja tu kapuni. Nikaisawazisha kwa kiganja, haina kichuguu safari hii. Nikaiweka mlangoni. Nimeamua. Yu hai!

Mama katoka chumbani, anashika ukuta. Nikadhani anakwenda kutawadha. Kumbe kainama, kaiinua ile pishi kwa mikono miwili, kaimimina kapuni. Yote. Punje zilizoanguka kaziokota moja moja. Kisha kaniomba ule mkanda.

Nikampa. Kasema nguo nyeupe iko sandukuni mwake, ile aliyoivaa alipomkalia eda babake Bwanausi. Nikamwambia, mama, juzi tu ulinirushia kata — akaninyamazisha kwa mkono. Anasema mimi bado kijana, nisife na njaa kwa ajili ya mwanawe.

Sasa kakaa chini, mkanda magotini. Halii. Nguo sijaigusa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Alasiri imeshaadhiniwa. Mzee anapiga hodi mlangoni, mara ya pili hii, na sote wawili hatumwitikii.