Kiti cha Wateja Wangu

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Paka uliyetuachia kazaa tena, hana haya yule.

Bega bado. Daktari alinionyesha picha ya mwaka juzi na ya sasa. Kano ilikuwa imechanika tangu mwanzo, ila sasa hata gegedu linalozuia mifupa isisagane limelika.

“Litaota tena?”

“Haliwezi, mama.”

Mama yetu usimwambie.

Bado nasuka. Mkono ulipogoma kupanda, niliwatoa wateja kwenye kiti nikawakalisha kwenye kigoda. Siku hizi mimi ndiye ninayekaa kigodani, wao wako sakafuni, wanacheka eti nimewarudisha utotoni. Nami nacheka. Lakini dada, mkono unazidi kushuka, na chini ya sakafu sina pa kuwakalisha.

Mdogo wako,
Msusi